Mfumo Huria kwa Kompyuta ya Nyumbani: Tuchague Upi?



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, Ijumaa mbili zilizopita kijana mdogo alitusubiri mlangoni mwa ofisi ya kamati ya msikiti akiwa amekumbatia kompyuta mpakato iliyofungwa ndani ya kanga. Alitumwa na mama yake, na pamoja na kompyuta hiyo alileta karatasi yenye maelezo mafupi. Kompyuta ni ya mtumba. Mama ameinunua kwa shilingi 320,000, fedha ya zamu yake katika mchezo wa akina mama wa mtaani kwao, ili binti yake aliyeingia kidato cha tano aitumie kwa masomo, na yeye mwenyewe aandike humo hesabu za biashara yake ya maandazi. Haukupita mwezi, pembeni mwa kioo yakatokeza maandishi hafifu yasiyofutika, yakieleza kuwa Windows iliyomo haijathibitishwa. Fundi akamwambia alete shilingi 15,000 ili "aivunje kufuli". Mama yetu huyo anauliza mambo mawili: je, kuvunja kufuli huko ni halali? Na ikiwa si halali, afanye nini, ilhali fedha ya mchezo imekwisha?

Swali hili si lake peke yake. Nyumba nyingi tunazozijua zina kompyuta ya namna hiyo. Hata kompyuta ya kamati yetu ilikuwa katika hali hiyo hiyo kwa miaka kadhaa, na sisi tuliokuwa tukiandikia humo mihtasari ya vikao na barua za kuwahimiza waumini kutunza amana hatukuwahi kujiuliza programu tunayoitumia tumeipata kwa njia gani.

Kuhusu swali la kwanza, sisi si mamufti, na hatutaki safu hii ijivike kilemba kisicho chake. Tutataja tu yaliyokwisha kuamuliwa na wenye elimu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 ilipitisha azimio namba 43 kuhusu haki zisizoshikika kwa mkono. Iliamua kwamba jina la biashara, alama yake, haki ya mtunzi na haki ya mvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama hizi, na haifai kuzivamia. Wapo wanachuoni waliokuwa na mtazamo mwingine juu ya haki ya kunakili, na hilo hatulifichi. Lakini kwa hapa kwetu Tanzania ipo pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Mtu anayetaka kulala usingizi wake kwa amani ana sababu za kutosha za kutompelekea fundi zile 15,000.

Hata hivyo, kabla ya mama yetu kujihukumu, kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoshushwa nchini zilikuwa mali ya makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba, nazo zilinunuliwa zikiwa na leseni yake. Kwa mashine zilizotengenezwa tangu wakati wa Windows 8, namba ya leseni mara nyingi imehifadhiwa ndani ya ubao wa kompyuta yenyewe, si kwenye diski. Fundi akiweka toleo lisilolingana na leseni hiyo, kwa mfano lile la makampuni makubwa badala ya toleo la Pro, maandishi ya kudai uthibitisho hutokeza ingawa haki ya mwenye mashine ipo. Akirudisha toleo linalolingana na kuunganisha intaneti, kompyuta hujithibitisha yenyewe. Basi ulizeni hilo kwanza. Huenda haki yenu mnayo na mnakaribia kuilipia mara ya pili, tena kwa njia ya haramu.

Tatizo ni kwamba leseni hizo za zamani nyingi ni za Windows 10, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, bali ilikoma kupokea viraka vya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa mwaka mmoja. Windows 11 nayo ina masharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia takriban kizazi cha nane. Kompyuta ya mama yetu ni ya kizazi cha sita. Mashine nzima, kibodi safi, betri bado inakaa saa mbili, lakini kwenye orodha haimo. Na leseni mpya ya Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft wenyewe ni dola 139 za Kimarekani, yaani inafikia au kuipita bei ya kompyuta yote pamoja na chaja yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye programu huria.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kompyuta inapowashwa, ikaviongoza kioo, kibodi, printa na diski, na programu nyingine zote zikategemea mgongo wake. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo, na watu wengi hudhani ndio pekee. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, akiwa katika chuo cha MIT, alitangaza nia ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza ulivyoandikwa, kuurekebisha na kumgawia mwenziwe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe, nacho kikaja kuitwa Linux. Viwili hivyo vikakutana. Leo kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, bila shaka pamoja na hiyo iliyomo mfukoni mwako, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa kwa Linux. Tunayataja haya kwa sababu mzee mmoja wa kamati yetu alituuliza kama kitu cha bure kinaweza kuwa kizima.

Na neno "bure" lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Huria si lazima kuwe bure, kwani wapo wanaouza programu huria na biashara yao ni halali. Huria maana yake ni kwamba aliyeipata programu ameruhusiwa kwa maandishi kuinakili na kumpa jirani yake. Mwanafunzi wa fiqhi atakumbuka waqfu hapo, ingawa mfanano haukukamilika, maana waqfu hauuzwi. Lakini angalieni jinsi jambo linavyogeuka. Kijana anayechukua flashi, akanakili mfumo, akampelekea shangazi yake, akamwekea kwenye kompyuta na kupewa soda na nauli: kwa nakala ya Windows iliyovunjwa kufuli ameshiriki katika kuvamia haki ya mtu, na kwa Linux amefanya kile ambacho mwenye kazi alimwomba akifanye. Kitendo ni kile kile, flashi ni ile ile.

Sasa tuchague upi? Linux si mfumo mmoja, ni ukoo. Yapo mamia ya matoleo, na kijana yeyote aliyezama humo atakutajia lile analolipenda yeye, lenye kuhitaji uandike amri kwa mkono usiku kucha. Mwacheni. Kwa nyumba isiyo na mtaalamu tunaangalia mambo matatu tu: mashine ina nguvu kiasi gani, mtumiaji amezoea nini, na ni nani wa karibu atakayeulizwa jambo likikwama. La tatu ndilo watu hulisahau, nasi tunaliona kuwa kubwa kuliko mawili yaliyotangulia. Kama mpwa wako anatumia Ubuntu na anapita kwenu kila Jumapili, basi Ubuntu ndio mfumo wako, na ungeweza kuishia kusoma hapa.

Ubuntu wenyewe ni mtoto wa Afrika kwa upande mmoja. Uliasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004, na jina lake limetoka katika lugha za Kinguni, likiwa ndugu wa damu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliwapelekea watu santuri za mfumo huo kwa posta popote duniani bila malipo, hata gharama ya posta wakaibeba wao. Ni mfumo imara na una watumiaji wengi, kwa hiyo msaada hauadimiki. Lakini sura yake ni tofauti na ile ambayo mtumiaji wa Windows ameizoea, na kwa kompyuta yenye RAM ndogo ni mzito. Tuliuweka kwenye kompyuta kuukuu ya madrasa yenye RAM ya GB 2, na ustadhi akawa anaiwasha, anaenda kuchukua udhu, akirudi bado inafunguka.

Upo pia Zorin OS, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2009, kazi ya ndugu wawili waishio Dublin, Ireland. Umepambwa ili anayetoka Windows asione ugeni, na una toleo la bure na la kulipia. Tumeuona kwa rafiki mmoja na ulitupendeza.

Ushauri wetu kwa nyumba ya kawaida, hata hivyo, ni Linux Mint. Ulianzishwa mwaka 2006 na Clément Lefèbvre, umejengwa juu ya msingi wa Ubuntu, na unaendeshwa kwa michango ya watumiaji na wadhamini. Ukiuwasha unakuta kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia, na folda zako mahali unapozitarajia, na mama wa miaka sitini hahitaji kufundishwa upya mahali pa kubonyeza. Ndani yake tayari mna Firefox kwa intaneti, LibreOffice kwa barua na hesabu, na vya kutazamia picha na video. Masharti yake ni mepesi: RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 kwa raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski, ingawa GB 100 ndiyo inayopendekezwa. Toleo la 22, lililotoka 2024, limeahidiwa kupokea viraka vya usalama hadi mwaka 2029. Una sura tatu za kuchagua, Cinnamon, MATE na Xfce. Kwa mashine yenye RAM ya GB 8 chukueni Cinnamon. Kwa yenye GB 4 au pungufu chukueni Xfce, ambayo haina mapambo mengi lakini haitawachosha.

Tusiusifu kupita kiasi. Februari 2016 wadukuzi waliivamia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa mlango wa siri. Wenyewe walitangaza jambo hilo hadharani na kuwaonya watumiaji wao. Tangu tulipolisoma hilo, hatupokei nakala kwa mtu bila kuipima. Kila nakala ina namba yake ndefu ya uhakiki iliyoandikwa kwenye tovuti rasmi, na kompyuta inaweza kuikokotoa namba ya nakala uliyonayo mkononi. Zikilingana, sawa. Zikitofautiana hata herufi moja, futeni.

Nakala yenyewe ina ukubwa wa takriban GB 3, na tunajua bando zilivyo. Ndiyo maana tunasema mpate kwa jirani aliyekwisha kuishusha, maana ruhusa ya kunakili ipo. Huandikwa kwenye flashi kwa programu ndogo kama Rufus au balenaEtcher. Flashi ya GB 8 inatosha, na vyote vilivyokuwemo hufutika, kwa hiyo msitumie ile yenye picha za harusi. Kisha kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, na wakati wa kuwasha hubonyezwa kitufe maalumu ili ianzie kwenye flashi: kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni F9 au Esc.

Na hapa lipo jambo zuri kuliko yote, ambalo Windows ya dukani haikuzoesha watu. Mfumo huo huamka ukiwa ndani ya flashi bila kugusa chochote kwenye diski. Unaweza kuutumia asubuhi nzima ukijaribu waifai, spika, kamera, mwanga wa kioo na printa. Kikikataa kitu, unazima, unachomoa flashi, na kompyuta yako inarudi ilivyokuwa. Tunawasihi mkae katika hatua hiyo siku mbili au tatu. Mwiteni kila mwenye kuitumia kompyuta hiyo aketi afanye kazi yake halisi, si kutazama tu. Binti aandike insha, mama afungue hesabu, baba aingie kwenye barua pepe yake.

Tuna sababu ya kulisisitiza hilo. Miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwetu, tulikuwa na kompyuta ya mezani tuliyotaka kuiwekea Linux kando ya Windows, ili viwili vikae pamoja na mtu achague anapowasha. Jambo hilo linawezekana na wengi wanalifanya. Ilikuwa usiku, tumetoka kikaoni, na tulitaka kumaliza. Mfumo ukifika hatua ya kujiweka kwenye diski huuliza: uwekwe kando ya Windows, au diski ifutwe yote? Tulisoma haraka, tukabonyeza, tukathibitisha. Tulikuwa tumechagua la pili.

Kwenye diski ile mlikuwa na sauti ya marehemu baba yetu akiwasomesha watoto wa mtaani baada ya Magharibi, saa kumi na moja za masomo tulizozihamisha kutoka kwenye kaseti zake. Kaseti zenyewe zilikwisha kuliwa na unyevu, na tulizitupa kwa kuamini kwamba sauti imehifadhika. Fundi tuliyempelekea diski alijaribu kwa siku nne akaturudishia vipande viwili, cha dakika saba na cha dakika tatu. Katika kile kifupi baba anamkemea mtoto mmoja aliyechelewa, kisha anacheka. Mama yetu mzazi hakutulaumu hata kwa neno. Aliomba tu awekewe kile kifupi kwenye simu yake.

Kosa halikuwa la Linux wala la Windows. Lilikuwa letu. Hatukuwa na nakala ya pili, na tulifanya kazi ya mchana usiku. Basi kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha kuweka mfumo mpya, nakilini kila chenu kwenye diski ya nje, chomoeni diski hiyo, ichomekeni kwenye kompyuta nyingine, na mfungue faili chache mhakikishe zinafunguka. Iwekeni kabatini. Ndipo mwendelee, asubuhi, mkiwa mmekula.

Yapo ambayo Linux haitawapa, na ni haki myajue mapema. Microsoft Office yenyewe haiwekwi humo, wala Photoshop, wala zile programu za uhasibu ambazo baadhi ya ofisi hulazimisha. LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, na kwa barua, insha na hesabu za duka haina tatizo. Lakini waraka wenye majedwali na mapambo mengi huweza kuhama mistari ukifunguliwa kwenye kompyuta ya mwingine. Dawa yake ni ndogo: mkienda kuchapa kwenye duka la steshenari, hifadhini kwa PDF kwanza. Asiyeweza kabisa kuachana na Word anaweza kutumia ile ya mtandaoni kupitia Firefox bila malipo, akiwa na bando. Michezo kadhaa ya vijana ya kuchezwa mtandaoni haitafunguka pia, na tumewakuta wazazi wawili walioihesabu hiyo kuwa faida. Mtu ambaye kazi yake inamlazimu kutumia programu ya Windows pekee, na anayo leseni halali, abaki nayo. Hatumshauri ahame kwa ajili ya kuhama.

Kwa upande wa virusi, wale waliozoeleka kwenye flashi zetu, wanaozigeuza folda kuwa vijialama visivyofunguka, wameandikwa kwa ajili ya Windows na hawapati pa kushika kwenye Linux. Hiyo si kinga ya kila baya. Anayelaghaiwa kwa ujumbe wa uongo na kutoa nywila yake atalaghaiwa kwenye mfumo wowote.

Walimu wa madrasa wametuuliza juu ya Kiarabu. Mint hukuruhusu kuongeza mpangilio wa kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio, na LibreOffice huandika kutoka kulia kwenda kushoto pasipo kuongezewa kitu. Herufi tunayoipendekeza ni Amiri, ya Khaled Hosny, iliyofufua sura ya herufi za kiwanda cha chapa cha Bulaq nchini Misri. Nayo ni huria. Irabu hukaa mahali pake, na karatasi za mtihani wa madrasa yetu mwaka huu zimechapwa kwayo. Kuanzia 2007 palikuwepo hata toleo la Ubuntu lililotayarishwa kwa Waislamu, lililokuja kuitwa Sabily, likiwa na programu ya kusomea Qur'an, ya nyakati za swala na ya kuchuja tovuti chafu. Liliachwa mwaka 2011, na wakikutana nalo watoto wenu kwenye intaneti wasiliweke, kwa kuwa halina viraka tena.

Kwa Kiswahili hali ni ya kusikitisha kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Tulitarajia miaka ishirini baadaye tuwe na mfumo mzima. Tafsiri zilizopo leo ndani ya Mint ni nusunusu, na mwanzo wenu utakuwa kwa Kiingereza. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili kwenye LibreOffice ipo, nayo inafaa kuwashwa. Wanafunzi wetu wa lugha wanaotafuta kazi ya kujitolea wanajua sasa pa kuanzia, maana mlango wa kutafsiri uko wazi kwa yeyote.

Kuhusu watoto: fungueni akaunti mbili. Ya mzazi iwe na mamlaka ya kuweka na kuondoa programu, ya mtoto iwe ya kawaida. Kisha kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya DNS, andikeni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hizo ni anwani za Cloudflare zinazozuia tovuti za uchafu na zenye programu hatari, na hazitozi chochote. Kijana mwerevu atajua kuzikwepa siku moja. Kompyuta ikae sebuleni.

Ile kompyuta iliyokuja ndani ya kanga tuliipima kwa flashi siku tatu, kijana yule akiwa pembeni. Waifai ilikubali, sauti ilikubali, na kisomeo cha alama ya kidole hakikukubali. Mama akasema kidole chake kina unga muda wote, hakihitaji. Tulihifadhi picha na faili zake kwenye diski ya nje, tukazifungua kwingine tukaona ziko salama, ndipo tukaweka Mint Xfce saa nne asubuhi, naye kijana ndiye aliyebonyeza, baada ya kusoma kila mstari kwa sauti. Zile shilingi 15,000 mama alinunua flashi mbili, moja ya binti na moja akaiacha ofisini kwa ajili ya wengine.

Flashi hiyo ipo. Kila Jumamosi baada ya Alasiri ofisi ya kamati iko wazi kwa mwenye kutaka kujaribu. Njooni na kompyuta, chaja, na diski ya nje yenye nakala ya vitu vyenu. Asiye na diski ya nje tutamwonyesha jinsi flashi inavyofanya kazi, lakini hatutamwekea.

Wabillahi tawfiiq.